Odio inafika kambini, redio ndogo inakataa kuisoma

BUNIA, Ituri. – Katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizo mjini Bunia na kandokando yake, redio ndogo yenye tundu la karte memwari ni kitu cha thamani. Haiombi intaneti, wala haili mega. Betri yake inajazwa kwa paneli ya jua ya jirani, na jioni watu kumi wanaweza kuketi kuizunguka. Mchana inashika FM. Usiku, kituo cha redio kikizima mitambo kwa kukosa mafuta ya jenereta, karte memwari inaendelea kusema: nyimbo za kwaya, mahubiri, rumba, na mara kwa mara habari ambazo mtu amezihifadhi ili wale waliokuwa shambani wazisikie wakirudi.

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake katika wilaya ya Djugu anayo redio ya namna hiyo. Hana telefone kubwa. Wiki moja, kamati ya kambi ilipeleka odio ya WhatsApp kueleza kwamba siku ya kugawa chakula imesogezwa mbele, na kwamba kila familia ije na jetoni yake mpya. Jirani yake aliipokea odio hiyo. Kijana wa kibanda cha kuchaji telefone akainakili kwenye karte ya mama, na mama akaiingiza katika redio yake. Redio ikapita nyimbo zote, moja baada ya nyingine, ila odio ile ikairuka kana kwamba haipo.

“Mama, odio iko ndani,” kijana alimwambia, “lakini redio yako haiijui.”

“Sasa nitaisikia wapi, mwanangu?”

“Labda kwa mwenye telefone kubwa.”

Mwenye telefone kubwa alikuwa amekwenda sokoni. Aliporudi, betri ilikuwa imekwisha. Mama alipata habari siku mbili baadaye, kwa mdomo, na wakati huo watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari na kuondoka.

Kisa hicho ni kidogo, na hakuna aliyekufa. Lakini kinajirudia kila siku katika kambi nyingi, na sababu yake haiko kwa mama, haiko kwa kijana wa kibanda, wala kwa kamati. Iko ndani ya redio. Mtengenezaji aliifundisha kusoma aina moja au mbili tu za faili za sauti, na aina ambayo watu wa leo wanaitumia kuongea haimo. Wanaonunua redio hizi kwa maelfu ili kuzigawa kwa wakimbizi wanaweza kulimaliza jambo hili kwa kuandika sharti moja katika karatasi ya oda. Wanapaswa kufanya hivyo.

Ni vizuri kwanza kuelewa kinachotokea. Sauti ikihifadhiwa katika telefone au karte memwari haikai kama ilivyotoka mdomoni. Inafupishwa na kuandikwa kwa utaratibu fulani, ambao mafundi wanauita fomati. Chombo cha kuisoma lazima kijue utaratibu huohuo. Ni kama barua ya Kilingala ikimfikia mtu anayesoma Kiswahili peke yake: herufi anaziona, maana haipati. Redio nyingi za bei ndogo zinajua MP3, na baadhi zinajua pia WAV au WMA. Odio ya WhatsApp imeandikwa kwa Opus. Ndiyo sababu telefone inaisoma na redio inairuka. Na ndiyo sababu hila ya kubadilisha jina la faili na kuandika “mp3” mwishoni haisaidii kitu. Kubadilisha bahasha hakubadilishi lugha ya barua.

Opus si siri ya kampuni moja. Ni fomati huria: maelezo yake yamechapishwa, mtu yeyote anaweza kuyasoma, na programu yake inatolewa bure kwa yeyote anayetaka kuiweka katika chombo chake. Ilizaliwa kwa kuunganisha kazi mbili, moja ya watu wa Skype na nyingine ya Xiph, shirika lisilotafuta faida. Mwezi wa Septemba 2012, jumuiya ya mafundi wanaopanga kanuni za intaneti iliikubali kuwa kanuni ya wote. Inaweza kubeba sauti kwa kilobiti 6 tu kwa sekunde, na inaweza kupanda hadi 510. Maana yake, fomati hiyohiyo inafaa mtu anayeongea kijijini kwenye mtandao dhaifu na inafaa pia muziki safi wa studio.

MP3 ilikuwa na historia nyingine. Kwa miaka mingi, aliyetengeneza chombo cha kusoma MP3 alitakiwa kulipa wenye hati za uvumbuzi, hasa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na washirika wake. Mwaka 1998 Fraunhofer ilipowakumbusha watengeneza programu kwamba malipo ni lazima, Mmarekani Christopher Montgomery na wenzake waliamua kutengeneza fomati isiyo na malipo. Wakaiita Vorbis, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Julai 2002. Hati za MP3 nazo zilifikia mwisho, na tarehe 23 Aprili 2017 mpango wa kulipisha ukafungwa. Leo MP3 haina malipo tena. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi na tano viwanda vilikwisha kuzoea kuweka MP3 peke yake, na mazoea hayo ndiyo yaliyobaki ndani ya redio ya mama wa Djugu.

Je, inawezekana kweli kuongeza fomati huria katika chombo kidogo? Swali hilo lilijibiwa zamani. Vorbis ilipotoka, watu walisema vyombo vya mkononi havina nguvu ya kuisoma. Mwezi wa Septemba 2002, Xiph ikatoa bure programu iitwayo Tremor, iliyoandikwa kwa ajili ya vyombo vidogo visivyo na uwezo mkubwa wa hesabu. Mwaka 2003 kampuni ya Neuros ya Marekani iliongeza Vorbis katika chombo chake cha muziki. Mwaka huohuo iRiver ya Korea Kusini iliuza chombo cha iHP-120 kinachosoma Vorbis, na Rio Karma ikasoma Vorbis pamoja na FLAC, ambayo ni fomati huria isiyopoteza chembe ya sauti. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na vyombo vya wakati huo havikuwa na nguvu ya vile vya leo.

Wapo hata ambao hawakungoja kampuni. Mwishoni mwa 2001, mafundi wachache wa Sweden waliochoshwa na programu iliyokuja ndani ya vyombo vyao vya Archos walianza kuandika ya kwao. Wakaiita Rockbox, na mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua bure. Kwa miaka iliyofuata, wajitoleaji kutoka nchi nyingi waliipeleka katika vyombo vya kampuni mbalimbali na kuvifundisha fomati nyingi ambazo mtengenezaji hakuziweka. Opus ilipokuja, nayo ikaongezwa.

Lakini kazi ya Rockbox inafundisha jambo jingine ambalo wanunuzi wa leo wanapaswa kulishika. Vile vyombo vya kwanza vya Archos vilikuwa na chipu iliyotengenezwa kusoma MP3 tu. Mafundi walibadilisha karibu kila kitu ndani yake, ila Vorbis hawakuweza kuiingiza, kwa sababu chipu yenyewe haikuwa na nafasi ya kujifunza. Kwa redio ndogo za leo ni hivyo hivyo. Nyingi kati yake, zikishatoka kiwandani, hazifundishiki tena. Mkimbizi hawezi kuirekebisha, fundi wa soko hawezi, na shirika lililoigawa haliwezi. Uamuzi unafanyika siku ya kuagiza. Ukipita siku hiyo, redio itabaki hivyo mpaka ife.

Wapo watakaosema shida si kubwa hivyo. Kijana wa kibanda abadilishe odio iwe MP3, mambo yaishe. Ni kweli kwamba inawezekana. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, inaweza kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Lakini si kila kibanda kina kompyuta, si kila kijana anajua njia hiyo, na umeme haupo kila saa. Habari ya dakika mbili ikihitaji kompyuta, fundi na umeme kabla ya kusikilizwa, imekwisha kupoteza haraka yake. Na atakayelipa kazi hiyo ni yule asiye na kitu.

Tena kuna hesabu ya uzito. Saa moja ya MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, inachukua karibu mega 58. Saa moja ya maneno kwa Opus ya kilobiti 24 inachukua karibu mega 11, na maneno yanasikika vizuri. Karte ya giga 2 inabeba kama masaa 34 ya ile ya kwanza, na kama masaa 185 ya ile ya pili. MP3 ikibanwa mpaka uzito huo mdogo, maneno yanaanza kusikika kama yanatoka chini ya maji. Kwa mtu wa mjini mwenye mtandao wa bei nafuu, tofauti hiyo si kitu. Kwa kituo cha redio cha jamii kinachonunua mega kwa mchango wa wasikilizaji, na kwa mwandishi aliye Mahagi au Komanda anayetuma ripoti yake kwa mtandao unaokatikakatika, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ripoti itafika leo au kesho.

Wengine watasema: kuna Bluetooth. Telefone isome odio, redio itoe sauti tu. Nalo ni jibu la kweli, pale ambapo telefone ipo. Lakini telefone kubwa lazima ikae karibu, iwe na chaji, na mwenyewe akubali kuketi hapo. Karte memwari inafanya kinyume cha hayo. Inazunguka yenyewe. Inatoka hema hadi hema, inasikilizwa mara tano na watu watano kwa saa tofauti, na mwenye telefone ameshakwenda zake. Katika kambi ambako telefone kubwa moja inatumiwa na familia kadhaa, huo ndio usambazaji wa habari unaofanya kazi.

Lipo pia neno ambalo wazee wengi watalisema, na wana haki: watu wanahitaji amani, chakula na kurudi kwao, si fomati za sauti. Hakuna anayepinga. Lakini siku ya chakula inatangazwa kwa sauti. Barabara isiyo salama inatangazwa kwa sauti. Mtoto aliyepotea njiani wakati wa kukimbia anatajwa jina kwa sauti, na aliye na habari zake anajibu kwa sauti, kwa sababu katika familia nyingi aliye na umri mkubwa kuliko wote hajui kusoma. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Kila aliyeishi huku katika miaka hiyo anakumbuka jinsi uvumi ulivyokimbia mbele ya maelezo ya waganga. Kuna waliokataa kupeleka wagonjwa wao kwa sababu walichosikia kwanza kilikuwa uongo. Uongo huo haukungoja mtu mwenye kompyuta aubadilishe kuwa MP3. Ulipita mdomo kwa mdomo. Habari ya kweli isiwekewe kizuizi ambacho uongo hauna.

Na kuna suala la lugha. Redio kubwa zinafanya kazi nzuri. Radio Okapi, kwa mfano, tangu ilipoanza Februari 2002 inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Lakini Ituri ina Kilendu, Kihema, Kialuri, Kibira, Kinande, Kilugbara na nyingine. Bibi aliyekimbia na wajukuu anaelewa Kiswahili cha sokoni, ila maelezo ya dawa au ya haki yake anayaelewa vizuri kwa lugha ya mama yake. Maelezo hayo hayatengenezwi studio. Yanatengenezwa na muuguzi, mwalimu au mchungaji anayeshika telefone, anabonyeza alama ya mikrofoni na kuongea. Yaani yanazaliwa yakiwa Opus. Redio isiyosoma Opus inawafungia mlango kwanza wale wa lugha ndogo, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo ombi si kubwa. Mashirika ya kiutu, makanisa na ofisi za serikali zinazoagiza redio za jua na spika za karte memwari ili kuzigawa zina nguvu ambayo mnunuzi mmoja wa sokoni hana. Anayenunua redio moja anachukua iliyopo. Anayenunua elfu tano anaulizwa anataka nini. Tayari wanaandika masharti: redio iwe na paneli, iwe na taa, iwe na mlango wa kuchaji telefone, ivumilie vumbi na mvua. Waongeze sharti moja: isome Opus katika faili kama zinavyotoka WhatsApp, na ikiwezekana isome pia Vorbis na FLAC. Mahali pa kutumia neno gumu la “fomati”, wanaweza kuandika kwa urahisi kwamba kila sampuli itajaribiwa kwa odio ya kweli iliyonakiliwa kutoka telefone ya kweli, bila kubadilishwa.

Bei itapanda? Programu ya Opus yenyewe inatolewa bure. Huenda chipu yenye nafasi ya kuibeba ikazidi kidogo bei ya ile ya chini kabisa. Mnunuzi wa wingi anaweza kuuliza bei zote mbili na kuzilinganisha akiwa na macho wazi. Anachopaswa kukumbuka katika hesabu yake ni kwamba redio ya bei ndogo isiyosikika siku inapohitajika si rahisi. Imelipiwa, imesafirishwa kwa lori kwenye barabara mbovu, imegawiwa mbele ya kamera, kisha inaruka tangazo lililoifanya inunuliwe.

Wenye maduka wa Bunia, Butembo na Goma wanaoleta mali kutoka Kampala, Dubai au Guangzhou nao wana nafasi yao. Muuzaji mmoja akiandika kwenye boksi “inasoma odio za WhatsApp”, na ikawa kweli, hatahitaji kutangaza zaidi. Wateja watajitangazia wenyewe.

Wakati redio hizo zinangojwa, yapo ya kufanya bila kungoja mtu. Vituo vya jamii na kamati za kambi zinaweza kuchagua mtu mmoja mwenye kompyuta, akawa anabadilisha matangazo muhimu kuwa MP3 mara moja kwa siku na kuyapeleka vibandani, badala ya kila kijana kuhangaika peke yake. Vituo vyenye studio vinaweza kutoa kila tangazo la dharura kwa namna mbili, Opus kwa telefone na MP3 kwa karte. Wakipata sauti za wazee wanaosimulia habari za vijiji vyao, wazihifadhi kwa FLAC, ili siku watu watakaporudi Djugu na Irumu zipatikane zikiwa safi, katika fomati ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifunga.

Na kwa familia inayokwenda sokoni na akiba yake ndogo kununua redio, liko jaribio lisilogharimu kitu. Waende na karte memwari yenye wimbo mmoja na odio moja ya WhatsApp. Kabla ya kutoa pesa, waiweke katika redio ya muuzaji na kusikiliza. Wimbo ukiimba na odio ikarukwa, wamrudishie redio yake kwa heshima na kumuuliza kama anayo nyingine inayosoma odio. Akiulizwa hivyo na wateja ishirini kwa wiki, safari ijayo ataileta.